Gliserini Bila Maji

Mashine waliiweka juu ya meza ya mwalimu, katika darasa moja la shule ya msingi huku Mudzipela, mtaa wa Bunia. Ilikuwa na kioo kidogo chenye taa ya kijani ndani yake. Kila aliyetaka kitambulisho aliweka vidole juu ya kioo hicho, vinne vya mkono wa kuume, vinne vya kushoto, halafu vidole gumba viwili pamoja. Nilikuwa kwenye foleni tangu asubuhi na jetoni yangu ya karatasi. Zamu yangu ilipofika, jetoni ilikuwa imelowa jasho hata namba yake haikusomeka.

Niliweka vidole, nikangoja.

"Bonyeza," akasema kijana aliyeendesha mashine.

Nikabonyeza.

"Bonyeza kwa nguvu, papa. Haitakula."

Akanishika mkono akaukandamiza mwenyewe. Akapangusa kioo kwa kitambaa, akapangusa na vidole vyangu kwa kitambaa kile kile, tukajaribu tena. Kwenye kompyuta yake niliona michoro minne ya vidole, mitupu, kama mayai yaliyopangwa. Kwa watu walionitangulia michoro ile ilijaa mistari mara moja. Yangu ilibaki hivyo hivyo. Tukajaribu mkono wa kushoto. Akageuza kiganja changu kuelekea dirishani, akaziangalia ncha za vidole kimoja kimoja.

"Lakini weye huna vidole," akasema.

Darasa likacheka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na mtoto mgongoni akanyoosha shingo.

"Vidole iko. Alama ndiyo haiko. Amezifuta! Wezi ndiyo wanafanya vile."

"Mwizi gani, huyu?" mwingine akamjibu. "Hata bonjour anaogopa kusema."

Wakacheka zaidi. Ningeweza kusema kwamba mimi ninafua nguo, kwamba nimefua nguo za watu kwa miaka sita na sabuni imekula vidole vyangu. Ni maneno machache. Lakini mimi watu wengi wakiniangalia, maneno hunikwama tumboni, na hutoka baadaye nikiwa njiani peke yangu, yakiwa yamepangwa vizuri, wala hayana kazi tena.

Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alisema mashine haikubali kwenda mbele bila alama, hata yeye hawezi kuilazimisha. "Tuko hapa mpaka wiki ijayo, siku ya posho. Jumapili tunahama. Pumzisha vidole, urudi. Lakini usichelewe kupita posho."

Nikatoka. Ilikuwa Ijumaa. Posho kwetu ni Jumamosi, kwa hiyo nilikuwa na siku nane.

Nieleze kwa nini nilikitaka kile kitambulisho. Mama yangu yuko Mahagi. Tulipokimbia kijiji chetu, upande wa Djugu, nilikuwa na miaka kumi na tatu. Tulifika Bunia kwa miguu, tukakaa wiki chache, halafu dada mkubwa wa mama akatuma habari kwamba kwake Mahagi kuna mahali. Siku ile gari lilikuwa na nafasi moja tu, ya mtu mzima na mtoto wa kupakata. Mama alimpakata mdogo wangu. Mimi nilibaki na shangazi ya baba, mzee sana, na mama aliniambia kupitia dirisha la gari kwamba ataniita. Nilimaliza darasa la sita hapa hapa Bunia na sikuendelea. Baadaye yule shangazi alihamia Marabo kwa watoto wake wanaolima, nikabaki na chumba chake.

Nikawa mkubwa, na kijana mkubwa bila kitambulisho hapiti kwenye bariere za askari katika barabara ya Mahagi. Nilijaribu mara moja. Kwenye bariere ya pili waliniambia nishuke, nikashuka, gari likaenda na mfuko wangu, nikarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo mama alikuwa ananisikia kwenye simu ya jirani tu. Kila mara alimaliza kwa neno moja: "Ukipata karte, kuya." Uje, anamaanisha. Na mimi kila mara nilijibu ndiyo. Nilikuwa na kitu kingine ambacho sikumwambia. Nilitaka nikifika aniambie nibaki. Nilikuwa nimekwisha kuwaza nitafanya nini kule, nitafulia nani, mdogo wangu nitamnunulia nini. Chumba changu cha Bunia sikukiwaza hata kidogo.

Basi, vidole.

Mimi hufulia kwenye kijito kilicho chini ya mtaa, pamoja na akina mama ambao wamenizoea kama wanavyozoea jiwe. Sabuni tunayotumia hupikwa na mama mmoja wa karibu, kwa mafuta ya mawese na soda kali. Siku soda inapozidi, sabuni inang'ata. Wengine huisikia na kuiacha. Mimi nilinunua ile ile iliyozidi soda, kwa kuwa inatoa madoa haraka, na mikono ilikwisha kufa ganzi. Mwezi ule ulikuwa wa jua, vumbi la barabara lilikuwa limefunika hata majani ya migomba. Ncha za vidole vyangu zilikuwa laini na zinang'aa kama sahani ya bati, na pembeni zimepasuka hadi kwenye nyama.

Nikakumbuka gliserini. Jumapili asubuhi mtaa wetu wote hung'aa gliserini, nyuso, viwiko, miguu ya watoto. Mimi sikuwahi kuipaka. Nikaenda famasia nikanunua chupa ndogo, nikajifungia chumbani, nikapaka vidole vyote kumi. Ilikuwa nzito kama asali na tamu kidogo, maana niliionja. Niliipaka hivyo hivyo ilivyotoka kwenye chupa, asubuhi, mchana na jioni, kwenye ngozi kavu, na nilijivunia kwamba sikuwa mchoyo nayo. Katikati ya hapo niliendelea kufua. Jumamosi vidole vilionekana vizuri. Jumapili vikaanza kuwaka. Jumatatu ngozi ilibanduka kama ganda la kitunguu, na mahali palipokuwa na ufa mmoja pakawa na nyufa tatu.

Pale kijitoni mmoja wa wale mama akaona ninavyoshika nguo kwa viganja bila kutumia vidole.

"Umeungua?"

"Ni gliserini."

"Gliserini inaunguza mutu? Ulichanganya na maji?"

Nikatikisa kichwa.

Akaacha kusugua. Akawaita wenzake. "Kuyeni musikie! Amepaka gliserini bila maji!"

"Na jua hii!"

"Yee! Hata mutoto mudogo anajua. Kwenu hakuna mama wa kukuambia?"

Alisema kwa utani, kama vile wanavyotaniana wao kwa wao siku nzima, na ningekuwa mtu mwingine ningemrudishia utani. Niliendelea kusuuza shati. Nadhani aliona uso wangu, maana akanisogezea beseni lake la maji safi. Sikulitumia.

Miongoni mwa watu niliowafulia alikuwepo mtu mmoja wa maabara katika kituo cha afya kidogo. Umri wake ulikuwa kama wa baba. Alitoka Butembo, ambako zamani alifundisha biolojia sekondari, na mke wake na watoto walikuwa bado kule. Hapa alikuwa peke yake na darubini yake, akiangalia malaria za watu kuanzia asubuhi. Kila Jumanne nilimpelekea bluzi zake nyeupe, yale makoti ya maabara. Tulikuwa tunasalimiana tu.

Jumanne ile alikunjua bluzi moja, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii damu ni ya nani? Ya mugonjwa ao yako?"

Kwenye kola kulikuwa na alama nyekundu, ndogo kama mbegu ya nyanya. Niliifua ile bluzi mara mbili, na nilikuwa nimeitia doa wakati wa kuipiga pasi.

"Nisamehe, muzee. Nitairudia."

"Sikuuliza kuirudia. Leta mikono."

Akavaa miwani. Alivishika vidole vyangu bila haraka, kama anavyoshika vigae vyake vya kioo, na sijui kwa nini lakini nilimwambia yote, mashine, posho, Mahagi, gliserini. Labda kwa sababu alikuwa anaangalia vidole, haniangalii mimi. Nilipofika kwenye gliserini bila maji hakucheka.

"Kaa," akasema. "Unajua gliserini ni nini?"

"Dawa ya ngozi."

"Ni ndugu ya pombe."

Nikamtazama.

"Kweli. Kwa kemia ni familia moja. Pombe ya lutuku, gliserini, baba mmoja. Usiogope, hii hailevyi. Hata kwenye ile mafuta ya mawese munapikia sabuni, imo. Soda inaifungua. Sasa sikia kitu kitamu."

Akachukua karatasi ya vipimo iliyoharibika, akachora nyuma yake. Alichora duara. Akasema mwili wangu wote ni vyumba vidogo sana kama hilo duara, vinaitwa seli, na ukuta wa kila chumba ni mafuta, safu mbili za mafuta, nyembamba kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Ndani maji, nje maji, katikati mafuta.

"Weye unafua. Maji na mafuta wanapendana?"

"Hapana."

"Basi maji inaingia namna gani?"

Sikujua. Alifurahi kwamba sikujua. Alichora kwenye ukuta ule kitu kama chupa isiyo na kitako, pana juu, pana chini, na kiuno chembamba katikati. Ule ni mlango, akasema. Umejengwa kwa protini. Protini ni kama uzi mrefu ambao mwili unaukunja na kuukunja mpaka unakuwa chombo, na hapa umekunjwa ukawa njia. Kiuno chake ni chembamba kiasi kwamba vitu vinapita kimoja kimoja, kwa mstari. Iko milango ya maji peke yake. Na iko mingine, hasa kwenye ngozi, inayopitisha maji na gliserini pia.

"Lutuku haina haja ya mlango," akasema. "Ile ni ndogo na inasikilizana na mafuta, inapita ukutani moja kwa moja. Ndiyo maana mutu anakunywa hapa, mara moja inafika kichwani. Lakini gliserini iko na mikono mitatu, yote inapenda maji. Mikono mitatu! Mafuta inaikataa. Bila mlango inachelewa nje, inachelewa sana."

"Ule mlango unaibeba?" Lilikuwa swali langu la kwanza kwake kwa miaka miwili.

Akaweka kalamu chini. "Hilo ni swali la mwanafunzi. Hapana. Iko protini zingine zinabeba. Ya sukari, kwa mfano, inashika sukari huku, inajigeuza, inaiachia kule. Hii ya gliserini haibebi mutu. Haisukumi, haivuti. Inakaa wazi tu. Kitu kinatoka penye wingi, kinakwenda penye upungufu, chenyewe. Sasa angalia kosa yako."

Akanieleza kosa langu kwa penseli nyekundu. Gliserini ile nzito niliyoipaka ilikuwa na njaa ya maji. Ngozi yangu ya juu ilikuwa kavu, na hewa ya mwezi ule kavu, haikupata maji popote. Basi ikayavuta kutoka ndani yangu. Milango ile haiulizi maji yanaingia au yanatoka. Maji yakatoka, seli zikanywea, ngozi ikapasuka. Ningetia maji kwanza, gliserini ingeyashika yale yale na kuyatunza, na nyingine ingeingia kidogo kidogo kwenye seli zilizo hai chini ya ngozi iliyokufa, zikajenga ngozi mpya. "Na mistari ya vidole inaanzia chini kule," akasema. "Haikufutika. Ile ya juu ndiyo umeikula na soda. Ukiiacha, inarudi."

"Mpaka posho?"

Alitazama vidole tena, akavuta mdomo. "Leo ni Jumanne. Siku nne. Sikudanganyi, ni chache. Hata vidole vinne vikirudi, utashukuru."

Akaniandikia kwenye karatasi. Maji ya uvuguvugu, kuloweka dakika kumi, mara nne kwa siku. Kisha sehemu moja ya gliserini kwa sehemu mbili za maji. Kisha glavu alizonipa, mbili mbili. Na mstari wa mwisho alipiga mistari miwili chini yake: hakuna sabuni, hakuna kufua, hata leso.

Nilipokuwa natoka aliniita. Nilidhani amesahau kitu.

"Unaelewa ile ya sukari? Inavyojigeuza?"

Nikasema naelewa. Lakini alianza tena kunieleza, na nilisimama mlangoni nikamsikiliza mpaka mgonjwa alipoingia na kikombe chake cha mkojo.

Niliwaambia watu ninaowafulia kwamba nitapumzika hadi Jumapili. Ilinichukua asubuhi nzima, kwa sababu ilibidi nibishe hodi na kueleza. Hakuna aliyeuliza nina nini. Mmoja alisema ataona. Mwingine alimwita msichana wa jirani papo hapo, nikiwa bado nimesimama, akampa kapu la nguo lililokuwa langu.

Sikuwahi kujua siku ina urefu gani. Nililoweka vidole, nikahesabu hadi mia sita, nikapaka, nikavaa glavu, nikakaa kitandani. Nje watu walipita. Nilisikia pikipiki zikishuka na kupanda, mtu akiuza mikate, watoto wakikariri. Nikagundua kwamba kwa miaka ile yote watu walikuwa wakija mlangoni kwangu kwa ajili ya nguo, na kwamba nilikuwa nimelihesabu hilo kama kutembelewa. Jumatano hakuja mtu. Alhamisi alikuja mtoto aliyepotea nyumba.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilinakili mchoro wa muzee kwenye daftari, na chini yake maelezo yake, polepole, kwa glavu. Niliwaza sana ile milango. Ilinishangaza kwamba iko kwenye vidole vyangu tangu nilipozaliwa, inafanya kazi, na mimi ninafua tu bila habari. Ilinishangaza pia kwamba haimwiti mtu. Sikuifikisha mbali zaidi fikira hiyo. Nilitaka iruhusu gliserini kupita, basi.

Alhamisi mchana sikuvumilia, nikashuka kijitoni kukaa tu.

"Aa! Dokta amefika kupima sabuni!" akapiga kelele yule mama wa gliserini, alipoona glavu.

"Dokta gani? Huyu ni bibi harusi. Anatunza mikono, bwana harusi anakuya posho."

"Na mahari ni ngapi?"

"Mahari ni alama kumi za vidole," nikasema.

Wakaangua kicheko hadi mmoja akaachia nguo ikachukuliwa na maji, ikabidi waikimbize. Sikuamini kwamba ni mimi niliyesema. Yule mama akaniuliza ni alama gani, nikawaeleza habari za mashine, vibaya, nikigugumiza, lakini nikaeleza. Akasema posho asubuhi ataniombea kwenye mkutano wa sala. Niliondoka haraka kabla sijaharibu kitu.

Siku ya posho nililoweka vidole alfajiri, nikapaka, nikavifuta vizuri kama muzee alivyoagiza ili gliserini isichafue kioo. Foleni ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza, kwa sababu wote tuliokuwa tumechelewa tulikumbuka siku moja. Nilisimama na mikono yangu nimeiinua kidogo mbele yangu, nisiguse kitu. Kijana wa mashine alinitambua.

"Mutu bila vidole! Leta tuone."

Mkono wa kuume. Kioo kikawaka. Mchoro wa kwanza ukabaki mtupu. Wa pili ukabaki mtupu. Wa tatu ukaanza kujaa mistari kutoka chini, myembamba, imekatikakatika, kama shamba lililolimwa na mtu mgonjwa. Wa nne ukajaa wote.

"Usiondoe! Usipumue!"

Sikupumua. Mkono wa kushoto ulitoa viwili. Vidole gumba vilikataa, akavipulizia pumzi yake mwenyewe ya moto, haa, haa, kama mtu anayesafisha miwani, na kimoja kikakubali. Mashine ikalia mlio mfupi. Akasema inatosha, inanipeleka mbele. Nikapigwa picha. Katika picha mdomo wangu uko wazi.

Kadi ilitoka ikiwa bado na joto. Nilienda moja kwa moja kwenye kituo cha afya kumwonyesha muzee, lakini siku ya posho mchana anafunga, kufuli lilikuwa mlangoni. Nikakaa kwenye ngazi kwa muda, nikisoma jina langu.

Jumatatu nilipanda gari la Mahagi. Kwenye bariere zote walitazama kadi, wakatazama uso, wakanirudishia. Hakuna aliyetazama vidole. Vumbi lilikuwa jingi, mashamba ya njiani mengine yamelimwa, mengine yamerudi kuwa pori, na mahali tulipopita karibu na kwetu niligeukia upande mwingine wa gari.

Mama alikuwa ananisubiri penye magari na mdogo wangu, ambaye sasa ni msichana mrefu na aliniamkia kama mgeni. Mama amekonda. Hakulia. Alinishika mikono yote miwili akaitikisa, kisha akaacha kuitikisa. Akaigeuza. Akapitisha kidole chake gumba juu ya vidole vyangu, kimoja baada ya kingine.

"Ee Mungu wangu," akasema. "Mikono hii!"

Tulipofika uani alimwita dada yake kutoka jikoni. "Dada, kuya uone mikono ya mutoto wangu! Shika, shika mwenyewe. Iko kama ya mutu wa biro." Mtu wa ofisini, anamaanisha.

Mama mkubwa akashika. Akapiga mluzi. "Bunia inamupenda huyu. Unafanya kazi gani?"

"Ninafua," nikasema.

Wakaangaliana, wakacheka kwa pamoja, na nikaona kwamba wanacheka namna moja.

"Anafua! Anataniana na siye. Nani anafua na mikono kama hii?"

"Anafulisha, sema. Iko na mutu anamufulia."

Mdogo wangu naye alikuja kushika. Vidole vyake vilikuwa vigumu, vimekatwakatwa na majani. Nilifungua mdomo nieleze. Nilikuwa na daftari kwenye mfuko, na mchoro. Ningeweza kusema kwamba ngozi hii ina siku sita, kwamba iliyo chini yake ni ile ile. Lakini mama alikuwa amekaa kwenye kigoda na mikono yangu mapajani mwake, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu kijijini. Alikuwa anapumua kama mtu aliyetua mzigo. Nikasema nitaeleza kesho.

Kesho yake, baada ya chai, alinipeleka pembeni ya nyumba. Nilijua anataka kuniambia neno, na nilijua neno ninalolitaka.

"Umeona vile tunaishi," akasema. "Tuko sita kwa chumba kimoja, na nyumba ni ya bwana ya dada yangu. Hasemi kitu, lakini anahesabu vikombe. Miaka yote hii nilikuwa naogopa. Nilisema, mutoto yule atafika hapa siku moja amechakaa, atasema mama nipokee, na mimi nitamuweka wapi? Nilikuwa nakuambia kuya, halafu nasali usikuye." Akanishika tena vidole. "Sasa moyo imetulia. Weye uko muzima. Uko na kazi ya mutu wa heshima. Rudia kazi yako, mwanangu, usiiache kwa sababu ya siye."

Maneno yalikuwepo. Mara hii hayakukwama tumboni, yalifika hadi kwenye meno. Nilimtazama, nikamwona anavyoningoja nikubali.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nilikaa siku mbili zaidi. Hakuniruhusu kuosha hata sahani. Mdogo wangu alinipelekea maji ya kuoga, na mama alimfokea alipotaka nimsaidie kutwanga. Siku ya kuondoka walinisindikiza wote. Nilipanda nyuma, nikakaa juu ya magunia ya maharagwe, na mikono nikaiweka mapajani ambako angeweza kuiona. Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama naye. Dereva alipowasha gari, mama alikuwa bado anawaeleza, kwa sauti, jinsi ninavyofanya kazi Bunia, ndani ya biro, nimekaa.